Reli ya Tabora na Ngazi ya Rangi

Kabla ya garimoshi, Mnyamwezi aliyekwenda pwani alikuwa na bei yake. Alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, na kabla ya kuutia begani alipatana kwanza: posho kiasi gani, nguo kiasi gani. Akidhulumiwa, aliweza kuubwaga porini akatoweka, na mwenye msafara, awe Mwarabu au Mzungu, akabaki na pembe zake za ndovu chini ya mbuyu. Mbele ya wote alitembea kirangozi, na mwendo ulikuwa wake.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Upagazi ukafa.

Kazi zilizokuja badala yake zilikuwa na rangi. Chini ya Waingereza, hasa baada ya njia ya Mwanza kufunguliwa mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya reli. Juu walikaa Wazungu, mainjinia na wakubwa wa idara. Katikati Wahindi na Magoa, stesheni masta, makarani na mafundi. Kijana aliyetoka Choma, Nzega au Urambo kutafuta fedha ya kodi aliishia kwenye gangi ya kutengeneza njia, au kupakia mizigo. Ukiuliza sababu, uliambiwa ni elimu. Jibu hilo halikuwa uongo mtupu, lakini waliolitoa ndio hao hao walioshika funguo za shule.

Na shule ilikuwapo, hapo hapo mjini. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma humo tangu 1937 hadi 1942. Hata aliyetoka pale na Kiingereza chake safi alikuta mshahara umepangwa kwa rangi ya mtu kwanza, kazi baadaye. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli hadi bara. Mwaka uliofuata Tume ya Holmes, iliyopewa kazi ya kurekebisha mishahara ya serikali Afrika Mashariki, ikapendekeza asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kile kile. Hayo ndiyo yaliyoitwa marekebisho! Tume ya Lidbury ya 1954 iliifuta kanuni hiyo, ila aliyeletwa kutoka Ulaya akaongezewa posho ya kumvutia.

Mambo kama hayo yalikuwa Australia pia. Wenyeji wa asili walichunga ng'ombe wa mashamba makubwa kwa chakula na ujira kiduchu, mpaka Agosti 1966, Wagurindji wakiongozwa na Vincent Lingiari walipoacha kazi katika shamba la Wave Hill. Mshahara sawa ulikwisha kuamuliwa, lakini ukaahirishwa hadi mwisho wa 1968. Ulipokuja, wengi wakafukuzwa.

Tanganyika, mwaka 1960, chama cha wafanyakazi wa reli chini ya katibu wake, Kassanga Tumbo, kiligoma zaidi ya miezi miwili. Baada ya hapo Tumbo akashikilia kwamba nafasi za juu zipewe Waafrika upesi. Nyerere, sasa kiongozi wa serikali, hakukubali kubagua kwa rangi kinyumenyume. Katika mjadala wa bunge kuhusu uraia, Oktoba 1961, aliwafananisha waliotaka ubaguzi huo na akina Hitler. Mwanzoni mwa Januari 1964 akatangaza kwamba upendeleo wa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha: raia ni raia.

Tarehe 20 mwezi huo askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata, kikawaondoa maofisa wa Kiingereza. Ofisa Mwafrika waliyemtaka awaongoze alikuwa kapteni Mrisho Sarakikya, ambaye mwaka huo huo alifanywa mkuu wa jeshi la nchi nzima.