Njia ya Farasi, Tuta la Bahari: Historia ya Barabara Tulivu za Kusini mwa Ufaransa

Mfereji wa Canal du Midi unaishia Les Onglous, karibu na mji mdogo wa Marseillan, kusini mwa Ufaransa. Hapo pana mnara mdogo wa taa, kisha kingo zinaachana na mbele yako limetanda ziwa la chumvi la Étang de Thau, lenye urefu wa kilomita 21 hivi. Ng'ambo ya maji unauona mlima wa Sète. Waendesha baiskeli waliotoka Toulouse, kilomita 240 nyuma, wamefika pwani ya Mediterania bila kusukumana na malori.

Wengi wao huja kutafuta utulivu, na wanaupata. Lakini utulivu huo hauna umri mkubwa. Karibu kila njia wanayopita katika eneo hili la Languedoc na Camargue ilijengwa na watu waliokuwa kazini, wakihamisha ngano, divai na chumvi au wakiizuia bahari isiingie mashambani. Baiskeli ilikuja baadaye, ikarithi.

Aliyeanzisha habari hii ni Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, aliyetajirika kwa kukusanya kodi ya chumvi kwa niaba ya mfalme. Watu walikuwa wameota kwa miaka mingi kuiunganisha Atlantiki na Mediterania ili mashua zisilazimike kuizunguka Hispania. Kikwazo kilikuwa maji: nani angeujaza mfereji kule juu, kwenye mgongo wa nchi? Riquet alilipata jibu katika vijito vya milima ya Montagne Noire. Vilikusanywa, vikahifadhiwa katika bwawa la Saint-Ferréol, kisha vikaelekezwa hadi Naurouze, mahali ambapo maji hugawanyika, mengine yakielekea magharibi na mengine mashariki. Louis wa 14 alitoa amri ya ujenzi Oktoba 1666. Julai ya mwaka huohuo jiwe la kwanza la bandari ya Sète lilikuwa limekwisha kuwekwa, ili mfereji uwe na mlango wa baharini.

Kazi ilipopamba moto kulikuwa na vibarua wapatao 12,000, wakiwamo wanawake wengi waliobeba udongo kwa vikapu. Riquet aliwalipa kwa mwezi, na mshahara haukukatwa kwa siku za mvua wala za ugonjwa, jambo la nadra sana enzi hizo. Huko Malpas walitoboa kilima, mfereji ukapita chini yake, na hilo likawa handaki la kwanza la mashua barani Ulaya. Huko Fonserannes, nje ya Béziers, walijenga ngazi ya milango ya maji inayozishusha mashua zaidi ya mita 21. Riquet alifariki Oktoba 1680. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681, miezi saba tu baadaye.

Kando ya maji palikuwa na njia ya farasi. Ndio waliokokota matishali ya ngano na divai, na mashua za abiria pia, ambazo hapo mwanzo zilitumia siku nne kutoka Toulouse hadi Agde. Njia hiyo ilipaswa kuwa tambarare, maana farasi aliyefungwa kamba ya mzigo hawezi kupandishwa vilima, na ilipaswa kuandamana na maji bila kukatika. Mwendesha baiskeli wa leo anafaidi sharti hilo kilomita baada ya kilomita, na mara nyingi hajui kuwa anapaswa kumshukuru farasi.

Reli ya kutoka Toulouse iliufikia mwambao huu mwaka 1857. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ilikabidhiwa mfereji wenyewe kwa mkataba wa miaka 40. Mtu hahitaji kuwa mwanauchumi kuona kitakachotokea mshindani mmoja akipewa funguo za mwenzake: biashara ya majini ilidhoofika, na ingawa matishali ya injini yaliendelea kupita hadi miaka ya 1980, mfereji haukuurudia tena wingi wake wa awali. Njia ya farasi ikabaki na wavuvi na watoto wa vijijini.

Wakati huohuo baiskeli ilikuwa inakua. Mtu aliyewafundisha Wafaransa kuitumia kwa safari, badala ya mashindano peke yake, ni Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio. Alizaliwa Pernes, katika Provence, akafanya biashara ya hariri Saint-Étienne, akachapisha jarida la Le Cycliste, na kila Pasaka akaongoza wenzake kushuka kusini kulifuata jua. Alipigania gia nyingi ili mtu wa kawaida aweze kupanda mlima, huku mwasisi wa Tour de France, Henri Desgrange, akishikilia kuwa gia za kubadilisha si za wanaume wenye nguvu. Mashindano hayo hayakuziruhusu hadi mwaka 1937. Historia imempa haki Vélocio, na mimi naona alistahili sifa kubwa kuliko wengi wa mabingwa waliovaa fulana ya manjano. Ni yeye aliyeifanya nchi nzima kuwa ya mtu mwenye baiskeli.

Juni 1936 serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Wafanyakazi ambao hawakuwahi kuiona bahari walifunga mahema nyuma ya baiskeli, mume na mke wakapanda moja ya viti viwili, wakaondoka. Kwa wengi hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kusafiri bila kutafuta kazi.

Baada ya vita likaja gari. Mwaka 1963 serikali iliunda tume chini ya Pierre Racine kuigeuza pwani ya Languedoc kuwa kivutio, ili watalii wasipite tu kwenda Hispania na fedha zao. Mbu walipigwa dawa, mabwawa yakafukiwa, na miji mipya kama La Grande-Motte, iliyosanifiwa na Jean Balladur, ikaota mchangani. Barabara kuu zilivuta magari yote upande wao. Ndiyo sababu moja ya vijiji vya ndani, vyenye mizabibu na njia nyembamba za lami, kubaki vitulivu. Si kwamba mtu alipanga hivyo. Msongamano ulihamia kwingine.

Lakini upo utulivu uliopangwa, na mfano bora ni kipande kati ya Sète na Marseillan. Pale nchi ni ukanda mwembamba wa mchanga, huku bahari, kule ziwa la Thau pamoja na mashamba yake ya chaza. (Kwa kuwa maji hapo hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha maana, wafugaji hubandika chaza mmoja mmoja kwenye kamba kwa saruji na kuwaning'iniza majini.) Barabara ya magari ilipita juu kabisa ya ufuko, na mawimbi yakawa yanaula mchanga mwaka hadi mwaka. Kuanzia mwaka 2007 barabara ilibomolewa na kusogezwa nyuma hadi kando ya reli, vilima vya mchanga vikarudishwa, na njia ya baiskeli ikatengenezwa. Huo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa, nao ulikuwa sahihi.

Ukielekea mashariki kwa kuufuata mfereji unaokwenda mto Rhône, unapita katikati ya maziwa ya chumvi hadi kwenye kuta za Aigues-Mortes. Hapa msafiri huona maji ya waridi, vilima vyeupe vya chumvi na heroe wakichuja chakula, akapiga picha. Yafaa ajue pia kwamba Agosti 1893, katika mashamba hayohayo ya chumvi, vibarua Waitaliano walishambuliwa na Wafaransa walioamini kuwa wananyang'anywa kazi. Hesabu rasmi ilisema waliouawa ni 8. Kesi ilisikilizwa Angoulême na washtakiwa wote wakaachiwa huru.

Mbele zaidi ndiko iliko njia ninayoiona kuwa bora kuliko zote: Digue à la Mer, tuta la bahari la Camargue, lililokamilika mwaka 1859. Lilijengwa kuyazuia mawimbi yasiyaharibu mashamba ya delta ya Rhône, na linakwenda kilomita kama 20 kati ya Saintes-Maries-de-la-Mer na upande wa Salin-de-Giraud. Katikati yake umesimama mnara wa taa wa Gacholle. Magari hayaruhusiwi kulipita, na tangu mwaka 1927 eneo la ziwa Vaccarès lililo nyuma yake ni hifadhi ya viumbe.

Urithi huu hauko salama. Kando ya Canal du Midi palikuwa na miti ya platani ipatayo 42,000, ambayo vivuli vyake vilikuwa nusu ya raha ya safari. Mwaka 2006 ilionekana imeingiwa na kuvu, ambayo inaaminika ilifika Ufaransa ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mti ulioambukizwa hauponi. Hukatwa na kuchomwa. Zaidi ya nusu imekwisha kuondoka, na miti ya jamii nyingine inapandwa badala yake. Huko Camargue, sehemu kubwa ya mashamba ya zamani ya chumvi sasa ni mali ya shirika la umma la kuhifadhi pwani, na wasimamizi wameamua kuacha baadhi ya matuta ya mbele yavunjike, bahari irudi ilikokuwa. Ni busara, kwa sababu bahari inapanda na mawe hayatoshi.

Kwa msomaji anayefikiria safari hiyo: nenda masika au vuli, beba maji ya kutosha, na usiingie kwenye tuta siku ambayo upepo wa mistral unavuma usoni mwako. Tumia matairi mapana, maana baada ya kilomita 50 za kwanza kutoka Toulouse kingo za mfereji huwa na mizizi na mawe. Na Digue à la Mer usiiahirishe miaka mingi, kwa sababu vipande vyake tayari vinamomonyoka.