Hadhara na Ghaibu

Nilitaka kuiandikia maelezo ya mstari mmoja picha ya tramu ya New Orleans aliyoipiga Robert Frank mwaka 1955. Mstari huo ukanimalizia jioni nzima, maana kila neno nililolishika lilikuwa na lake la kusema.

Frank alizaliwa Zürich, akaenda New York mwaka 1947, akakaa. Tumwiteje mtu wa namna hii? Mlowezi hapana: kwetu mlowezi huja na hati ya shamba la mwenzake. Mkimbizi ana kinachomfukuza. Mhamiaji ni neno la dirisha la ofisi. Mgeni linakaribia, na methali imemheshimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hutazamwa kutoka mlangoni kwa mwenyeji, tena ugeni una siku zake.

Tunalo ghaibu, neno la Kiarabu la kutokuwapo machoni. Tumelijengea ughaibuni, kisha tukasahau kumpa jina aishiye huko. Napendekeza mghaibu, waghaibu. Neno hili humtazama mtu kutoka kwao, pale alipoacha pengo. Na mkumbuke kwamba kusoma kwa ghaibu ni kusoma bila kutazama kitabu. Mghaibu ameihifadhi nchi yake hivyo hivyo, kwa hiyo mtaa wa ugenini anausoma huku mwingine ukiwa kifuani.

Wapo wasiopenda neno kupiga picha, wakidai kupiga ni ukali, wanataka kunasa. Mimi nabaki na kupiga. Tunapiga hodi, tunapiga kura, tunapiga mstari, na hakuna anayeumia. Ni tendo la mara moja, na tramu haikungoja. Kunasa kuna mtego ndani yake. Anayenaswa ni ndege.

Pagumu ni mahali penyewe. Wengi huandika "nafasi ya umma", nami naona neno limepotea njia: nafasi ni wasaa, ni upenyo. "Eneo la umma" ni sahihi kwa ramani ya manispaa, lakini linatuambia mwenye mali tu. Tramu ile ilibeba umma wote. Weupe walikaa mbele, weusi nyuma, kwa amri ya sheria. Picha inaonyesha madirisha yamepangwa kama fremu: mzungu ambaye uso wake umefifia nyuma ya kioo, mwanamke mweupe, watoto wawili, kisha mwanamume mweusi anayetutazama moja kwa moja, na mwanamke mweusi mwishoni. Umiliki hauelezi kitu hapo. Kinachoeleza ni nani yupo, na yupo wapi.

Neno la kuwapo ni hadhara. Lina undugu na kuhudhuria na hadhira, na katika Kiarabu kinyume chake hasa ni ghaibu. Maneno haya mawili yalikuwa yakiishi kwetu muda wote, kila moja chumbani mwake, nasi hatukuyakutanisha. Basi tuseme mahali pa hadhara, au hadhara tu.

Liko pia kadamnasi, mbele za watu. Usilichanganye na hadharani. Mtu huhutubia hadharani, huaibishwa kadamnasi. Ubaguzi wa tramu ile, kubagua watu kiti kwa kiti mchana kweupe, ulifanywa kadamnasi. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba, Rosa Parks, mwanamke mweusi, akakataa kuinuka kitini ndani ya basi la Montgomery. Hilo nitaliandika hadharani, na silibadilishi.

Siasa nayo. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kutunza farasi, ndiyo maana saisi ni mtunza farasi, na wazee walisema fanya kwa siasa wakimaanisha taratibu, kwa uangalifu. Itazame sasa picha ya Frank ya mkutano wa siasa huko Chicago: mpigaji wa tarumbeta kubwa, mdomo wa tarumbeta umemfunika uso mzima. Mkutano wa hadhara, na aliyehudhuria hana sura.

Novemba ya mwaka ule wa tramu, 1955, polisi wa mji mdogo wa Arkansas walimweka Frank rumande kwa saa kadhaa. Alikuwa na kamera, na lafudhi ya kigeni.

Mstari wangu umekuwa huu: Hadhara ya New Orleans, 1955. Imepigwa na mghaibu.