Fahamu Athari za Klorini kwa Nywele na Namna ya Kuzikinga

Maji ya bomba yanayowafikia wakazi wa Kinyerezi, wilayani Ilala, hutoka kwa sehemu kubwa katika Mto Ruvu, husafishwa na kutiwa dawa ya klorini, kisha husambazwa na DAWASA. Dawa hiyo huua vimelea vya magonjwa, kikiwemo kipindupindu, kilicholikumba Jiji la Dar es Salaam mwaka 2015 kuanzia Kinondoni.

Hata hivyo, klorini ina athari kwa nywele. Huondoa mafuta ya asili yanayozilainisha na, inapokuwa nyingi, hudhoofisha keratini, ambayo ni protini inayoupa unywele nguvu. Magamba madogo ya juu ya unywele huinuka, nao hukauka, hupoteza mng'ao na kukatika kwa urahisi. Nywele za kipilipili hupata athari mapema, kwa kuwa mafuta ya kichwani hayafiki kwa urahisi kwenye ncha zake. Zilizotiwa dawa ya kulainisha au rangi huwa tayari zimedhoofika.

Kiasi cha klorini ndicho huamua ukubwa wa athari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza maji yamfikie mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Katika mabwawa ya kuogelea, kiasi hicho kwa kawaida huwa kati ya miligramu 1 na 3. Kwa hiyo, anayeogelea mara kwa mara anahitaji tahadhari zaidi kuliko anayeosha nywele nyumbani.

Kabla ya kuingia bwawani, lowesha nywele kwa maji safi, kwani unywele ulioshiba maji hunyonya klorini kidogo. Paka mafuta ya nazi, funga nywele na uvae kofia ya kuogelea. Ukitoka, zisuuze mara moja, zioshe kwa shampuu isiyo kali, kisha paka kondishena. Waliosuka wasuuze hadi kwenye mashina, kwa kuwa maji ya bwawa hubaki ndani ya misuko.

Nyumbani, maji ya kuoshea nywele yanaweza kuachwa usiku kucha katika ndoo pana iliyo wazi ili klorini ipungue. Ndoo hiyo iwekwe mbali na watoto wadogo, na maji yake yasinywewe, kwa sababu kinga yake imepungua. Maji ya kunywa yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.

Aidha, si kila ukavu wa nywele husababishwa na klorini. Maji ya baadhi ya visima jijini yana chumvi nyingi, nayo hukausha nywele. Kukimbilia maji ya kisima yasiyotibiwa kwa kuhofia klorini kunaweza kusiokoe nywele, huku kukihatarisha afya ya familia nzima.

Nywele zikiendelea kukatika, au ngozi ya kichwa ikiwasha na kutoa vidonda, fika katika kituo cha afya kwa uchunguzi.