Flashi, matatu ya mafaili: historia fupi kutoka Eastlands

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, tuongee juu ya kile kidude kinachoning'inia kwenye funguo zako. Flashi. Ofisi nyingi zimeipiga marufuku na mafundi wa kompyuta wakiiona wanakunja uso. Lakini ukitaka kujua kwa nini marufuku hizo hazikushika, usianzie kwenye ofisi. Anzia mitaani: Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole.

Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2000, na ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8 tu. Nane! Picha mbili tatu za simu ya leo na imejaa. Hata hivyo disketi ilibeba 1.44, kwa hiyo ilikuwa kama kushuka kwenye baiskeli ukapanda pikapu.

Disketi nayo haikuwa malaika. Kirusi cha Brain, kilichoandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, kilienea nchi kwa nchi kwa disketi, mkono kwa mkono, bila intaneti yoyote. Yaani virusi vya PC vilijua kusafiri mfukoni kabla ya kujua kupita kwenye waya.

Sasa njoo Nairobi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia kwenye setilaiti, ghali na ya kujikokota. Katikati ya miaka ya 2000, shilingi moja kwa dakika ilikuwa bei ya kawaida ya saiba. Sasa jaribu kutuma kwa barua pepe faili la megabaiti tano. Unakaa, unatazama mstari ukijaa polepole, na saa ya saiba inahesabu.

Kwa hiyo karani wa Industrial Area anayeishi Umoja, asiye na kompyuta nyumbani, alifanyaje bosi akitaka ripoti Jumatatu asubuhi? Ijumaa jioni anakopi kwenye flashi, anapanda matatu, Jumamosi anamalizia saiba, Jumatatu anarudi nayo kazini. Na flashi ni hiyo hiyo moja: ina ripoti ya ofisi, CV ya dada yake, ratiba ya mazishi ya mzee, nyimbo za rafiki na picha za harusi. Ilikuwa matatu ya mafaili, inabeba kila mtu bila kuuliza.

Upande wa pili, kompyuta moja ya saiba ilichomekwa flashi za watu chungu nzima kwa siku. Programu ya kuzuia virusi ilipaswa kusasishwa mara kwa mara kupitia intaneti ile ile ya kujikokota. Umeona shida ilipo?

Tatizo lenyewe lilikuwa kwenye Windows. Tangu Windows 95, Microsoft iliweka kitu kinachoitwa AutoRun ili ukitia CD programu ianze yenyewe. Wazo zuri kwa CD, maana CD ya dukani haiandikiki. Flashi inaandikika. Kirusi kilijikopi humo, kikaweka pembeni faili dogo la maandishi liitwalo autorun.inf, kikasubiri. Kwenye XP ulibonyeza mara mbili alama ya flashi ukidhani unaifungua, kumbe umekiamsha.

Kulikuwa na ujanja mmoja ambao naupenda hadi leo. Unatengeneza ndani ya flashi yako folda tupu na kuiita autorun.inf. Windows haikubali faili na folda zenye jina moja mahali pamoja, basi kirusi kikija kinakuta kiti kimekaliwa. Haukugharimu hata senti. (Baadaye virusi vingine vilijifunza kuifuta folda hiyo kwanza. Watundu wako pande zote.)

Usidhani ni sisi wa mtaani tu. Novemba 2008 jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake baada ya mnyoo uitwao Agent.btz kuingia kwenye mitandao yake. Likalegeza marufuku hiyo mwaka 2010. Mwezi huo huo wa Novemba ukazuka Conficker. Toleo lake la pili lilipanda flashi kwa hila: dirisha la Windows likifunguka, liliweka picha ya folda na maneno ya kukualika ufungue uone mafaili, sawasawa na chaguo halali lililokuwa chini yake. Mwaka 2009 liliingia kwenye baraza la jiji la Manchester, Uingereza, na hasara ikakaribia pauni milioni 1.5. Hao wana bajeti na wataalamu. Karani wa Umoja angeponaje?

Dawa haikutoka kwenye matangazo yaliyobandikwa ukutani. Windows 7, Oktoba 2009, iliacha kuendesha AutoRun kutoka kwenye flashi, na Februari 2011 Microsoft ikaleta sasisho hilo kwa XP na Vista. Kwa maoni yangu sasisho hilo dogo lilifanya kazi kuliko vitisho vyote vya mameneja.

Virusi havikufa, vilibadilisha nguo. Vikaja vile vya kuficha mafaili yako na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Wengi waliformati flashi wakilia, ilhali mafaili yalikuwemo yote. Amri moja tu, attrib -h -r -s /s /d, na yanarudi kuonekana.

Ofisini nako, kuna waliotia gundi kwenye matundu ya USB. Wengine wakaingia kwenye rejista ya Windows, sehemu ya USBSTOR, wakabadilisha Start kutoka 3 kuwa 4. Flashi inakataa, kipanya kinaendelea. Safi, ila simu ikichomekwa kwa njia ya MTP haipiti hapo kabisa, na simu ina nafasi kuliko flashi kumi. Halafu bosi hufunguliwa tundu lake "kwa sababu za kikazi", na karani anaandikiwa barua ya onyo. Mimi hapo ndipo ninapokasirika: mwenye kompyuta nyumbani anaruhusiwa, asiye nayo anaadhibiwa.

Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, flashi yenye rekodi za wafanyakazi ikipotea kwenye matatu si aibu tu. Mwajiri akiona wahusika wanaweza kudhurika, ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Kununua flashi za ofisi zilizosimbwa kwa nenosiri, au kuwasha BitLocker kwenye zile zilizopo, ni bei ndogo sana ukilinganisha.

Na mtaani? Saiba siku hizi ni mahali pa iTax, eCitizen na kuprinti. Nyingi zinakuambia utume faili kwa WhatsApp ya duka, flashi ibaki mfukoni. Kirusi kimekosa usafiri, ni kweli. Ila nakala ya kitambulisho chako na PIN yako ya KRA sasa zimelala kwenye simu ya duka, pamoja na za mtaa mzima.