Mishipa Imetokeza Miguuni? Soma Hii Kabla Utupe Doh Kwa Krimu

Wewe wa kusimama job siku nzima, hii ni yako. Soja wa geti, dem wa saluni, kinyozi, konda wa mat, keshia wa supamaketi, ticha, nesi wa shifti ya usiku. Unafika keja saa mbili, unavua viatu, soksi zimeacha alama kama ya kamba na miguu ni mizito ni kama umefungiwa mawe. Unageuza mguu kidogo ucheki nyuma, na hapo kwa shavu la mguu unapata mshipa umetokeza, umejikunja kama mzizi wa mti.

Mtaani utapewa story mob. Mmoja atasema umerogwa. Mwingine atasema ni damu chafu, inafaa itolewe. Mwingine ako na krimu anauza, na ukimskiza hiyo krimu inatibu kila kitu. Achana nao kwanza.

Hiyo mishipa minene madaktari huiita varikosi. Ile myembamba ya rangi nyekundu ama zambarau, imetawanyika kwa ngozi kama utando, ni mishipa buibui. Kwa vipimo, buibui haifiki milimita 1 upana. Varikosi huanzia milimita 3 ukiwa umesimama. Zinatoka familia moja, lakini buibui mara nyingi ni ya sura tu. Varikosi ndio inaweza kukuletea noma baadaye.

Sasa ni nini huharibika huko ndani? Damu kushuka mpaka vidole vya miguu ni rahisi, moyo unasukuma. Kurudi juu ndio kibarua. Ndani ya mishipa ya kurudisha damu kuna vilango vidogo vyenye hufunguka upande wa juu peke yake. Damu ikipita, vinafunga nyuma yake isirudi. Na pampu ya kuisukuma ni misuli ya shavu la mguu: kila hatua unapiga, inakamua damu juu. Ukisimama pale pale masaa nane bila kutembea, hiyo pampu ni kama umeizima.

Unaeza jionea kwa mkono wako. Acha mkono ulegee chini mpaka mishipa itokeze. Finya mmoja karibu na kiganja kwa kidole, halafu kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kiwiko. Mara nyingi utapata pale katikati pamebaki tupu, damu ya juu haitaki kurudi. Toa kile kidole cha chini, panajaa tena. Daktari mmoja Mwingereza, William Harvey, alionyesha hii kitu kwa kitabu chake cha 1628. Bado inafanya kazi hata kwa mat ukingoja ijae.

Vilango vikilegea, damu inarudi chini na kujaa. Mshipa unapanuka, na venye unazidi kupanuka ndio vilango vinazidi kuachana. Ndio maana varikosi ikishaanza haijirekebishi yenyewe, na hakuna krimu ya kupaka juu ya ngozi inaeza kurudisha mlango wa ndani ya mshipa.

Nani hupata? Anza kwa kucheki miguu ya mathe na shosh, ju hii kitu hurithiwa sana. Umri pia unachangia, uzito, kuwahi kupata damu kuganda mguuni, na kusimama sana. Mimba nayo ni kesi yake: damu ya mwili huongezeka, homoni hulegeza kuta za mishipa, halafu mtoto anakalia mishipa mikubwa ya nyonga. Kama uko na mimba na imetokea, tulia. Kwa wengi hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa hivyo madaktari hungoja kabla ya kuzungumzia matibabu makubwa. Kukalia mguu juu ya mguu, hiyo yenye shosh hukukataza? Hakuna ushahidi wa maana kuwa ndio huleta.

Na maboy, msijitoe. Utafiti uliofanywa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa 1999 ulipata varikosi kwa wanaume karibu 40 kwa kila 100, na wanawake 32. Tofauti ni kuwa sisi huzificha ndani ya suruali mpaka mambo iharibike.

Kuharibika kunakaa aje? Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu wenye picha za mtandaoni huonyesha. Angalia pale juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kama ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida, inawasha, imekauka na kuwa ngumu, hiyo ni damu imekaa hapo muda mrefu. Hatua inafuata ni kidonda, na kidonda cha aina hii kinaweza kukaa miezi ama miaka kama kinapakwa dawa juu bila mshipa kutibiwa. Kidonda mguuni kikimaliza wiki mbili bila kupona, enda hosi.

Mambo mawili usingojee hata kesho. Mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una joto, inaweza kuwa damu imeganda ndani. Ukianza kukosa pumzi ama kifua kuuma juu yake, hiyo ni dharura, itisha gari saa hiyo. Ya pili, mshipa ukipasuka damu huruka vibaya hadi mtu anapanik. Lala chini, inua mguu uwe juu ya kifua, finya pale na kitambaa safi kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia, halafu upelekwe hosi. Usikae kwa kiti ukiangalia.

Tukija kwa matibabu, wengi huanzishwa na soksi za kubana. Zinapunguza uzito na uvimbe, haziponyi. Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, ju ukishasimama mguu umeshajaa. Nunua za kupimwa mguu, na kama uko na kisukari ama miguu hufa ganzi, onana na daktari kwanza. Zinaweza kukuumiza bila kujua.

Ukitaka kumaliza maneno, unahitaji ultrasaundi ya mishipa ya miguu. Hiyo ndio huonyesha kilango gani kimeharibika, na ukipata mtu anataka kukutibu varikosi bila kuipiga, muulize maswali. Siku hizi kuna njia ya joto: waya mwembamba unaingizwa ndani ya mshipa, leza ama mawimbi ya redio yanauunguza mpaka unajifunga. Unadungwa ganzi ya hapo hapo, na kwa kawaida unarudi keja siku hiyo. Kuna dawa ya povu ya kudungwa ndani ya mshipa, na kuna ile operesheni ya zamani ya kuutoa kabisa. Usiogope eti utakosa mshipa. Damu inajitafutia njia kwa mishipa mingine mizima. Lakini jua pia zinaweza kurudi miaka ikipita.

Buibui hutibiwa na sindano ndogo ndogo, na hazitoshi siku moja, unarudi mara kadhaa. Kuna leza ya juu ya ngozi pia, ila kwa sisi wenye rangi yetu inaweza kuacha madoa ama kuchoma ikishikwa na mtu hajazoea. Uliza waziwazi: umefanyia watu weusi wangapi? Itisha bei yote ikiwa imeandikwa, pamoja na ya kurudi, na uulize kama SHA ama bima ya job italipa kitu, ju yenye ni ya urembo mara nyingi utajilipia.

Na kesho kazini? Usisubiri mapumziko. Inuka kwa vidole na ushuke, mara ishirini, kila saa. Ukifika keja, lala na miguu juu ya mito robo saa hivi.

Halafu kuna kiti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hapa Kenya inasema mwenye kazi awape wafanyakazi wa kusimama mahali pa kukaa, watumie nafasi ya kupumzika ikipatikana. Kwa hivyo siku supavaiza atakufokea ju umekaa kwa stuli na hakuna kastama kwa laini, jua sheria iko upande wa stuli.