Madini Joto

Nina picha moja tu ya bibi mzaa baba. Amesimama mbele ya ukuta wa udongo, Mbulu, mwaka 1978, na kanga ameizungusha shingoni mara mbili. Kwa miaka mingi niliamini ni baridi. Mbulu si mchezo kwa baridi, hasa Juni na Julai, na picha nyingi za wazee wetu zimejaa mashuka na makoti. Ni shangazi aliyenisahihisha mwaka juzi, tukiwa jikoni kwake tunachambua maharage.

"Hiyo si baridi, mwanangu. Mama alikuwa anaficha rovu."

Alisema bila kuinua macho. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia. Akanishangaa mimi badala ya swali: nani anakaa kumsimulia mtoto habari za shingo ya bibi yake? Rovu lilikuwepo tu, kama kibiongo au upara. Wengine walikuwa nalo, wengine hawakuwa nalo. Halikuuma.

Mimi shingo yangu haina kitu cha kuonekana. Nina miaka 34, na tezi yangu, ile wataalamu wa lugha wanayoiita tezi dundumio, inaliwa polepole na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Ugonjwa unaitwa Hashimoto. Kabla ya kujua jina hilo nilizunguka zaidi ya mwaka mzima. Nywele zilibaki kwenye chanuo, nilivaa sweta Dar es Salaam mwezi wa kwanza, nililala saa kumi na kuamka nimechoka. Kituo kimoja kiliniambia damu imepungua. Kingine kiliniambia nina msongo wa mawazo, nipumzike. Siku nilipopimwa TSH, majibu yalikuwa juu mno, na kipimo cha pili kikaonyesha kingamwili zinazoishambulia tezi. Daktari akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye ugonjwa wa tezi. Nikajibu hapana. Wakati huo sikujua habari za kanga.

Nilipomweleza shangazi, alikuwa na dawa tayari: "Kula chumvi ya madini joto. Si ndiyo waliyotuletea kwa ajili ya hayo?"

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Ndani yake kuna historia nzima ya nchi, na kuna kosa dogo ambalo si la shangazi peke yake.

Nianze na jina. Sijui lugha nyingine iliyoipa iodini jina zuri kama letu. Madini joto. Mtoto wa shule hulisoma kwenye pakiti ya chumvi kabla hajajua kemia ni nini, na hudhani kuna kitu kinachochemka ndani. Kwa sisi wa nyanda za juu jina hilo lina maana ya ziada, maana tezi ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, na ikilegea, baridi huingia hadi kwenye mifupa. Kama aliyelitunga alikuwa na hilo kichwani au alibahatisha tu, hongera yake.

Iodini nyingi ya dunia iko baharini. Ardhi ya milimani huoshwa na mvua karne baada ya karne, na kile kidogo kilichokuwemo huondoka na maji. Mahindi ya udongo huo yanaikosa, maharage yanaikosa, ng'ombe anayekula majani yake anaikosa, na mama anayekunywa maziwa ya ng'ombe huyo vilevile. Tezi ikikosa malighafi hutanuka, kama fundi anayeongeza ukubwa wa karakana akidhani tatizo ni nafasi. Hilo ndilo rovu. Milima ya Alpi huko Ulaya ilikuwa maarufu kwa marovu, na Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Ukijumlisha ya maisha yote, unapata kama kijiko kimoja cha chai.

Kijiko kimoja. Na bibi yangu hakukipata.

Sasa, mtu wa kwetu atauliza: chumvi si tulikuwa nayo? Kweli. Chini ya Mlima Hanang, upande wa ukingo wa Bonde la Ufa, kuna Ziwa Balangida. Kiangazi maji yakirudi nyuma linaacha ukoko mweupe, na watu wa Gendabi na majirani zao wamekuwa wakikusanya chumvi hapo tangu zamani, Wabarbaig kwa mifugo yao, Wairaqw kwa mifugo na kwa chungu pia. Shangazi anakumbuka ikiletwa kwa punda na kubadilishwa kwa nafaka. Lakini chumvi ghafi haina iodini ya kutosha. Hata ya baharini, ambayo watu wengi hudhani imejaa iodini, ikishakauka hubaki na kiasi kidogo sana. Iodini lazima itiwe na mtu. Ukanda wetu, tena, una madini mengine tusiyoyaomba: floraidi iliyomo kwenye maji na magadi, inayotupaka meno rangi ya kahawia kiasi kwamba ukicheka Dar, mtu anakuuliza kama umetoka Hanang au Arusha.

Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya themanini watu wake walizunguka shule za nchi wakipapasa shingo za watoto. Kipimo chenyewe ni rahisi hivyo: unasimama mbele ya mtoto, unaweka vidole viwili kila upande wa koo, unamwambia ameze mate. Walichokikuta kiliogopesha. Karibu robo ya Watanzania walikadiriwa kuwa na rovu, na nyanda za juu ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi. Na rovu lilikuwa ishara tu. Mama aliyekosa iodini anaweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto ambaye ubongo wake haukukua sawasawa. Ukimwona shangazi akisema halikuuma, kumbuka hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba kabla yake kuna wawili "hawakukaa". Sijui kama ni kwa ajili ya hili. Hakuna atakayejua.

Viwanda vya chumvi havikuwa tayari, kwa hiyo serikali ilianza na vidonge vya mafuta yenye iodini. Kati ya 1986 na 1994 viligawiwa katika wilaya zipatazo 27 zilizoathirika zaidi. Kisha miaka ya tisini ikaja chumvi yenyewe, na kanuni za mwaka 1994 zilizowabana wazalishaji kutia madini joto. Kazi haikuwa nyepesi, kwa sababu nchi hii ina wazalishaji wadogo wengi wenye mabwawa pwani na majembe mikononi, na kumwambia mtu wa namna hiyo anyunyizie dawa kwa kipimo sahihi ni shughuli. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi takriban asilimia 7. Kwa nchi maskini, ndani ya kizazi kimoja, bila mapigano na bila sanamu ya mtu yeyote. Mimi mwandishi wa habari nimeripoti uzinduzi wa madaraja mengi, na hili sikuwahi kuliona likipewa utepe.

Ila utafiti huohuo wa 2004 una takwimu nyingine, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Walipima iodini kwenye mkojo wa watoto. Robo yao walikuwa nayo chini ya maikrogramu 100 kwa lita, yaani pungufu. Na zaidi ya theluthi walikuwa juu ya 300, yaani imezidi. Nchi moja, mwaka mmoja, wengine wana njaa ya iodini na wengine wameshiba kupita kiasi.

Hapo ndipo Hashimoto anapoingia. Hakaru Hashimoto alikuwa daktari wa upasuaji Japani. Mwaka 1912 alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya wagonjwa wanne ambao tezi zao zilijaa chembe nyeupe za damu. Wenzake hawakumjali sana. Alirudi kijijini kwao kutibu watu, akafa kwa homa ya matumbo mwaka 1934. Ni mwaka 1956 ndipo Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao wa London walipoonyesha kwamba wagonjwa wa namna hii wana kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe. Kabla ya hapo wazo kwamba mwili unaweza kujigeuzia silaha lilichukuliwa na wengi kama upuuzi.

Ugonjwa huu hautokani na kukosa iodini. Na mwaka 2006 watafiti wa China waliofuatilia maeneo matatu yenye viwango tofauti vya iodini walichapisha kwamba kinga kuishambulia tezi kulionekana zaidi palipokuwa na iodini nyingi. Basi nikaanza kuiogopa chumvi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa kuchosha: nilisoma pakiti dukani, nilikataa kachumbari za watu, nilimwomba rafiki yangu anipikie bila chumvi kabisa. Daktari wangu alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Aliniambia chumvi ya kawaida ya mezani isinitishe, na kwamba siku nikipata mimba nitahitaji iodini zaidi kuliko sasa, maikrogramu 250, pamoja na dozi kubwa zaidi ya dawa. Kitu cha kukimbia ni vidonge na unga wa mwani unaouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha tezi.

Neno mimba ndilo nililobaki nalo. Wawili hawakukaa.

Desemba 3, 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu za Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nilitumwa kuripoti, na usiku wa kwanza niligundua kwamba levothairoksini yangu nimeiacha Babati. Ninaona aibu kuandika hili. Nje kulikuwa na watu wanaochimba tope kwa mikono wakitafuta watoto wao, na mimi nimekaa kwenye gari nahesabu siku bila kidonge. Nilimpigia daktari. Akasema dawa hii hukaa mwilini. Baada ya wiki nzima bado nusu yake ipo. Siku tatu hazitaniua. Nikazima simu, nikarudi kazini.

Nilirudi Katesh mwaka uliofuata, siku ya mnada. Wanawake wawili walikuwa wakiuza chumvi ya Balangida kwa kopo, ya kijivu, yenye punje kubwa. Mita chache kutoka hapo kibanda cha duka kilikuwa na pakiti za nusu kilo zilizoandikwa maneno yale mawili. Shangazi alinunua zote mbili. Ya kopo ni ya ng'ombe, alisema. Baadaye jioni nilimwona akichota kidogo kwenye ile ya ng'ombe na kuitia kwenye makande. Aliponiona akasema hii ya pakiti haina ladha.

Kliniki iliyofuata nilimwomba daktari afungue ukurasa wa kwanza wa faili langu. Pale palipoandikwa "ukoo: hapana" akapiga mstari, akaandika: bibi mzaa baba, rovu, sababu haijulikani. Kisha akaniambia nimeze mate, akaweka vidole viwili kila upande wa koo langu.