Vipande Vilivyobaki na Jina la Askari

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, nalo litaanzia chini ya cherehani.

Tazameni sakafu ya fundi wa nguo wakati wa jioni. Mtaona vipande vya khanga, vya kitenge na vya kaki vilivyobaki. Kimoja peke yake hakitoshi kumfunika hata mtoto mchanga. Lakini mtu akivikata sawasawa, akaviunga kimoja kwa kimoja, akatia pamba katikati na kitambaa kizima chini, kisha akazishona tabaka zote tatu pamoja, atapata nguo nzito ya kujifunika. Watu wa pwani huiita mfarishi. Leo tutajifunza jinsi watu wa nchi nyingine walivyotumia vipande hivyo kwa ajili ya askari wao, na kwa nini habari hiyo inatuhusu sisi.

Kwanza twende Uingereza. Mwaka 1853 hadi 1856 kulikuwa na vita huko Krimea, kando ya Bahari Nyeusi. Askari waliojeruhiwa walilala hospitali miezi mingi bila kazi. Basi wengine walishika sindano, wakaunga vipande vya sufu kama ile ya sare za jeshi. Mchoraji mmoja, Thomas Wood, alimchora askari Thomas Walker, aliyejeruhiwa kichwani, akiwa kitandani anashona. Picha hiyo ipo mpaka leo. Kumbukeni jambo moja: jina la askari yule tunalijua.

Sasa twende Marekani, mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Blanketi za sufu zilitakiwa jeshini, na wanawake wakahimizwa kutumia mifarishi nyumbani. Tena walibuni njia ya kuchanga fedha. Kila aliyetaka alitoa senti kidogo, na jina lake likatariziwa kwenye kipande kimoja. Vipande vikaungwa, na fedha zikapelekwa Msalaba Mwekundu. Katika Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Kanada walishona mifarishi mingi sana, ikapelekwa Uingereza kwa wagonjwa na kwa watu ambao nyumba zao zilibomolewa kwa mabomu.

Mwaka 2003 mama mmoja wa Marekani, Catherine Roberts, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraki, alianzisha chama kiitwacho Quilts of Valor. Tangu hapo askari zaidi ya 300,000 wamepewa mifarishi. Kazi hugawanywa. Mmoja hushona vipande vichache vya mraba, pengine vilivyobaki katika kazi nyingine, akavipeleka. Wa pili huviunga. Wa tatu hushona tabaka zote. Mwishoni hushonwa kibandiko chenye jina la askari na majina ya walioshona. Kisha askari huitwa mbele ya watu, akafunikwa mabegani.

Ndugu zangu, na askari wa kwetu je?

Katika vita ya 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi yetu. Penye mbung'o wanyama wa mizigo walikufa, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Wapagazi wapatao milioni moja walitumikia upande wa Waingereza na wenzao. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa baridi. Mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi lililopiga kambi pale.

Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya askari mjini Dar es Salaam, nayo ingali pale. Ni sanamu nzuri, na maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Lakini hayamtaji mtu hata mmoja kwa jina lake. Tena mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Je, tofauti iko wapi? Haiko katika pamba wala katika rangi ya kitambaa. Sanamu huwashukuru wote kwa pamoja, na mjane hawezi kwenda kuonyesha pale jina la mumewe. Mfarishi wenye kibandiko humshukuru mtu mmoja, naye hujua kwamba ni yeye anayeshukuriwa. Mpagazi wa kwetu alikosa blanketi, akafa. Na jina lake nalo likakosa mtu wa kuliandika.

Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, na wengine walifika hata Burma. Baadaye, mwaka 1978 na 1979, vijana wetu walipigana vita ya Kagera. Baadhi yao wangali hai. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake, na mnajua jinsi baridi ya usiku inavyokuwa hapa Inyonga mwezi huo.

Basi msivichome moto vipande vya fundi. Viungeni. Mkimjua mzee aliyekuwa askari, mshoneeni. Na ninyi mnaojifunza kuandika, kazi ya kibandiko ni yenu. Muulizeni mzee jina lake kamili, mliandike sawasawa kabla sindano haijapita.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mfarishi una tabaka ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini mizigo ya vita ya 1914 ilibebwa na watu?
3. Katika ukoo wako, ni nani aliyekwenda vitani? Andika jina lake.